Namba Chini ya Kutu

Bwana Kimeli alikuwa mtu wa kuvaa tai hata akienda kununua chumvi. Nilimjua kwa macho kabla ya kumjua kwa jina, kwa sababu kila siku ya soko hapa Litein alipita mbele ya kibanda changu na gazeti kwapani, na hakuna siku hata moja aliyonisalimu. Mwanamke wa ovaroli kama mimi, mikono myeusi kwa griso, hakuwa mtu wa kusalimiwa. Kimeli alikuwa amefanya ukarani katika shamba moja la chai upande wa Konoin kwa miaka thelathini na mitatu, tangu enzi za wazungu, mpaka kampuni ilipopunguza watu mwaka wa tisini na tatu ikampa kiinua mgongo na saa ya mkononi. Saa hiyo aliitazama sana, ingawa hakuwa tena na mahali pa kuchelewa.

Mimi naitwa Yunia Nyamusi. Baba yangu alitoka Kisii kuja kuchuma chai, nikazaliwa kampini, kwenye nyumba za wafanyakazi, nikasoma uchomeleaji katika politekniki ya kijiji, msichana peke yangu kati ya wavulana kumi na tisa. Kufikia mwaka wa tisini na tano nilikuwa na kibanda changu, mashine ya kuchomelea, grinda moja, na jina. Nilitengeneza mageti, trela za trakta, bodi za pikapu. Wanaume walileta kazi zao wakiangalia pembeni, kama mtu anayenunua chang'aa.

Siku ile Kimeli aliposimama mlangoni, nilidhani amepotea.

"Nimeambiwa wewe ni bei rahisi," alisema.

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake.

Akatoa kipande cha gazeti kwenye mfuko wa koti. Kilikuwa na picha ya wazungu na Wahindi huko Nairobi, wamesimama kando ya magari ya zamani yaliyong'arishwa mpaka yanaonyesha nyuso. Kimeli aligonga picha ile kwa kidole.

"Hii inaitwa vinteji," alisema polepole, kama anayefundisha mtoto. "Wewe huwezi kujua. Mwaka ujao mimi nitakuwa hapa, na Austin yangu."

"Gari liko wapi, mzee?"

"Liko."

Lililokuwako, nilikuja kuona kesho yake, lilikuwa daraja. Kijito kinapita chini ya shamba lile alilofanyia kazi, kati ya chai na msitu wa mikaratusi wa kuni, na juu ya kijito palikuwa na chesisi, ile mifupa ya chini inayobeba gari zima. Bodi ilikuwa imeshaliwa na kutu na watu zamani. Bati la mwisho labda lilikuwa juu ya choo cha mtu. Lakini chuma cha chini kilikuwa kizito, cha wakati ambao watu hawakufanyia chuma ubahili. Wafanyakazi walikuwa wameipigilia mbao juu, na asubuhi na jioni walivuka na vikapu vyao mgongoni.

Kimeli alikuja na vibarua wanne na kamba, na barua ya ruhusa aliyoandikiwa na karani mwenzake wa zamani. Mbao ziling'olewa zikatupwa kando. Mama mmoja mchumaji, Chepkemboi, alifika na kikapu kimejaa, akasimama upande wa pili akitazama.

"Sasa sisi tupite wapi?" aliuliza.

"Mna miguu," alisema Kimeli.

Chepkemboi alivua ndala, akapandisha leso, akavuka majini maji yakimfika magotini, na alipompita Kimeli alitema mate kwenye nyasi, si karibu sana na viatu vyake, lakini si mbali. Wiki iliyofuata wafanyakazi wenyewe walilaza magogo mawili ya mkaratusi pale. Nami nilikuwa nimeshapakia chesisi kwenye trela, na sikusema neno. Niseme ukweli: nilikuwa naitazama tu. Nilishaona kwamba reli moja, kile chuma kirefu cha ubavuni, imepinda, kwamba sehemu ya nyuma itabidi ikatwe, na kwamba mikono yangu inaweza kuirudisha.

Hivyo nikaanza. Kimeli alitaka gari la kifalme kwa bei ya baiskeli. Hakutaka kununua chochote kipya, na kila kitu cha zamani alikiita ghali. Injini tulitoa kwenye pikapu ya Datsun iliyogongwa na lori la majani ya chai karibu na Kapkatet, pamoja na giaboksi yake. Ekseli ya nyuma ilitoka kwa mtu aliyekuwa ameifanya kuwa mkokoteni wa maji. Viti vilikuwa vya basi, nikavipunguza, na Tecla, mke wa Kimeli, akavishonea vifuniko kwa cherehani yake. Taa za mbele zilikuwa za trakta. Bodi niliifua mwenyewe kutoka kwa madramu ya mafuta: unakata dramu, unalinyoosha, unalilaza juu ya gogo ulilochonga umbo la mkunjo, unaligonga kwa nyundo ya mbao, kidogo kidogo, siku nzima, mpaka bati lisahau kwamba liliwahi kuwa dramu. Madigadi manne, ya kufunika magurudumu, yalinichukua wiki tano. Kwa umbo nilikuwa na picha moja tu, ya kitabu cha zamani cha makanika nilichoazima politekniki.

Kimeli alikuja kila siku saa tatu, akaketi kwenye kiti chake alichokileta kutoka nyumbani, akasoma gazeti. Watu wakisimama kuuliza, alikunja gazeti.

"Nalitengeneza," aliwaambia. Ati *na-*, yeye mwenyewe. Mikono yake ilikuwa laini kama ya mwalimu wa kwaya. Siku moja nilimwomba anipatie spana namba kumi na nne, akanipa koleo. Nikaitazama ile koleo, nikamtazama, nikaenda kuchukua spana mwenyewe.

"Wewe msichana una kiburi," alisema.

"Nina kazi, mzee."

Wageni alipenda kuwasimulia historia ya gari. Lilikuwa la Mista Holoway, meneja wa mwisho mzungu, aliyempenda Kimeli kama mtoto wake, na alipokuwa anaondoka kwenda Australia alimwambia, Kimeli, hili gari ni kama lako. Kila juma hadithi iliongezeka. Kufikia Aprili Mista Holoway alikuwa analia uwanja wa ndege. Tecla, akiwepo, aliinua macho kutoka kwenye sindano yake, akayarudisha. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na alijua kusahihisha kwa kunyamaza.

Nilipomaliza kunyoosha chesisi nilipitisha brashi ya waya reli yote kabla ya rangi ya kwanza, na hapo, karibu na springi ya mbele upande wa kulia, chini ya kutu, nikakuta namba zimechongwa. Nikazipiga mswaki na mafuta ya taa mpaka zikasomeka zote.

"Mzee," nilimwambia, "gari hili halina logibuku, kitabu cha kuonyesha mwenyewe ni nani. Bila logibuku hakuna inspeksheni, na bila inspeksheni utaliendesha kwenye uwanja wa nyumba yako. Chukua hizi namba, uandike barua Nairobi, waangalie kwenye vitabu vyao vya zamani lilikuwa la nani."

"Nimekwambia lilikuwa la nani."

"Basi watakuandikia hivyo hivyo. Na kwa kuwa yuko Australia, utaapa mbele ya wakili, mambo yaendelee."

Wazo lilimpendeza. Alikuwa karani, barua aliijua. Aliiandika kwa Kiingereza, akanisomea, ingawa sikuomba.

Jibu lilichukua miezi mitatu. Wakati huo gari lilikuwa limesimama kwa magurudumu yake, limepigwa rangi ya kwanza ya kijivu, na injini ilikuwa imeshanguruma mara moja, watu wakatoka madukani kuangalia. Nilikuwa nalala nikiwaza milango. Sijawahi kupenda kazi kama nilivyoipenda ile, na ilinikera kwamba ilikuwa yake.

Alikuja na bahasha asubuhi moja ya mvua, na mara hii hakuketi. Nilimwomba barua nikaisoma mwenyewe. Ilikuwa fupi. Gari lenye namba hiyo ya chesisi liliandikishwa upya Julai 1959 kutoka kwa bwana Holoway kwenda kwa Alfayo Oyoo, mfanyakazi, na tangu hapo halikuhamishwa tena.

"Oyoo ni nani?" niliuliza.

"Mtu wa boila." Alitazama saa yake. "Mtu wa kutia kuni kwenye boila kiwandani. Hata kusoma sidhani alijua. Alijuaje kwenda kuandikisha?"

Aliuliza hivyo kwa mshangao wa kweli, na hasira, kana kwamba Oyoo alikuwa amemwibia.

Kisha akafunga mlango wa kibanda, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akatoa logibuku ya Austin nyingine iliyoungua Nakuru. Alikuwa ameinunua kwa mtu, mapema, akaiweka tu.

"Futa hiyo namba kwa grinda," alisema. "Uchonge hii. Ni kazi ya nusu saa."

"Hapana."

"Nitakuongeza."

"Mzee, hiyo ni jela. Na jela itakuwa yangu, kwa sababu wewe utasema ni fundi. Peleka kwa fundi Kipkurui hapo ng'ambo kama unataka. Lakini ukitoka hapa na gari, mimi sitaliwekea milango, na Kipkurui hajui kufua bati, atakuwekea milango ya kabati."

Alisimama akitazama gari bila milango. Tamaa ilimshinda. Siku mbili baadaye alirudi na fomu ya kuhamisha gari, akaniambia niende kwa Oyoo badala yake. Alikuwa amemtafuta kupitia watu wa kanisa na kuambiwa yuko Sondu.

"Si uende mwenyewe?"

"Wewe utaelewana naye," alisema. "Ninyi ni watu wa kampi."

Nikaenda. Nilitaka kumaliza milango.

Mzee Oyoo alikuwa anatengeneza stovu za mafuta ya taa sokoni Sondu, chini ya turubai, na vitu vyake vimepangwa kwa ukubwa juu ya gunia. Alikuwa mwembamba, amepita miaka sabini, na macho yake yalikuwa mekundu ya moto wa miaka mingi. Nilimwamkia, akanipa kigoda. Nikamweleza kuhusu chesisi, daraja, barua ya Nairobi. Alisikiliza huku akisafisha pua ya stovu kwa sindano.

"Na aliyekutuma ni nani, mwanangu?"

"Bwana Kimeli, wa shamba lile la chai. Alikuwa karani huko."

"Karani wa stoo." Aliweka stovu chini. "Bado anavaa tai?"

"Bado."

"Hata siku ile alivaa."

Akanisimulia, bila haraka, mikono yake imelala juu ya magoti. Alikuwa ametia kuni kwenye boila ile miaka kumi na mmoja. Holoway alipokuwa anabadilisha gari, Oyoo aliuza ng'ombe wake wote wa nyumbani, akaongeza na akiba, akanunua Austin ile. Mke wa Holoway alicheka mpaka akaketi, lakini Holoway alichukua pesa na kumpeleka mwenyewe kuandikisha. Hakumpa zawadi mtu yeyote. Alikuwa mtu wa kuhesabu hata misumari. Kwa muda wa miezi minane Oyoo alienda na gari lile kanisani, alipeleka wanawake wa kampi hospitali, hata mke wa karani mmoja. Makarani wenyewe walitembea kwa miguu.

"Jumapili moja mwaka wa sitini niliwakuta makarani wanne barabarani, wamevaa vizuri. Niliwapita. Nikapiga honi, kwa salamu. Jioni ile, nikiwa zamu ya boila, walikuja wakalisukuma kutoka nyuma ya rundo la kuni mpaka ukingoni mwa bonde. Watatu walisukuma. Kimeli alishika usukani kupitia dirishani ili likate kona. Alikuwa mgeni kazini, alitaka wenzake wamwone. Mpishi wa meneja aliona yote. Likaanguka bondeni, injini ikapasuka kama chungu."

"Hukushtaki?"

"Niliambiwa nikifungua mdomo nitoke kampini siku hiyo hiyo. Nilikuwa na watoto watano. Baadaye watu wakaliburuta mpaka kijitoni, wakafanya daraja." Akacheka kidogo, cheko kavu. "Mwanangu, nilienda kazini nikikanyaga gari langu kwa miaka kumi na sita. Asubuhi na jioni."

Nilimwonyesha fomu na bahasha ya pesa aliyonipa Kimeli. Hakugusa yoyote.

"Mwambie nitakuja Jumamosi," alisema. "Nitakuja na kalamu yangu."

Nilirudi Litein nikiwa na mambo mengi ya kumwambia Kimeli, na nilipomkuta ameketi kwenye kiti chake, gazeti wazi mapajani, niliyasema yote mara moja.

"Ulijua ni la Oyoo tangu mwanzo. Ulijua lilipo kwa sababu ulilitupa mwenyewe."

Hakukana. Hilo lilinishangaza. Alikunja gazeti mara mbili, kwa uangalifu.

"Tulikuwa vijana," alisema. "Na huyo Mjaluo alikuwa na maringo."

"Maringo gani?"

"Alitupigia honi."

Miaka thelathini na mitano ilikuwa imepita, na bado honi ile ilimwuma. Nilimwona jinsi alivyo, mtu mdogo ndani ya koti kubwa, na nilimdharau kuliko nilivyowahi kumdharau mtu yeyote. Halafu nikachukua nyundo nikaendelea na mlango wa kushoto. Kufikia Ijumaa gari lilikuwa limepigwa rangi ya mwisho, nyeusi, na nilikuwa nimelisugua kwa unga wa kung'arishia mpaka niliona meno yangu ndani yake.

Jumamosi Oyoo alishuka kwenye matatu akiwa amevaa koti la suti na shati lililofungwa mpaka shingoni. Kimeli alikuwa hapo na Tecla, aliyeleta chai kwenye chupa, na watu wa soko walikuwa wamekusanyika kwa sababu gari lilikuwa nje, juani, kwa mara ya kwanza. Oyoo alilizunguka. Aliinama kwa shida, akatazama chini, akapitisha kidole kwenye maungio ya reli ya nyuma.

"Nani amechomelea hapa?"

"Ni mimi, mzee."

"Safi," alisema, na sijasahau.

Kisha akatoa kwenye mfuko wa plastiki logibuku ya zamani, kurasa zake za rangi ya chai, akaiweka juu ya boneti. Juu yake akaweka kalamu.

"Kimeli," alisema. "Sitaki pesa yako. Nitasaini hapa sasa hivi. Nataka tu useme, mbele ya hawa watu na mke wako, ni nani alishika usukani gari hili likisukumwa bondeni."

Kimeli alitabasamu kwa watu, kama mtu anayeonewa na mlevi.

"Mzee Oyoo, hayo ni mambo ya zamani. Tukae tuzungumze kwa faragha. Kuna bahasha."

"Sema, nisaini."

"Unajua mambo ya wakati ule yalikuwa magumu, mtu hawezi..."

"Maneno mawili tu. *Ni mimi.* Hata ukisema polepole nitasikia."

Tecla aliweka chupa ya chai chini. "Baba Chebet," alimwambia mumewe, "sema. Hakuna anayekuua."

Nilimwona Kimeli akitazama gari. Nilimwona jinsi alivyolitaka. Macho yake yalilowa. Alifungua mdomo. Akatazama watu: wauza vitunguu, vijana wa stendi, mimi na ovaroli yangu, wanawake wawili wa kampini na vikapu. Akaufunga. Akakaza tai.

"Mimi sina la kusema mbele ya watu kama hawa," alisema.

Oyoo hakukasirika. Alichukua kalamu yake, akachukua logibuku, akairudisha kwenye plastiki na kuikunja vizuri.

"Basi," alisema, "toa vitu vyako juu ya kitu changu."

Kwa wiki tatu Kimeli alihangaika. Alienda kwa wakili Kericho, akaambiwa karatasi ni karatasi. Alienda kwa mchungaji, mchungaji akamuuliza kwa nini asiseme tu hayo maneno mawili, akatoka akigonga mlango. Kwa polisi hakwenda, ile logibuku ya Nakuru ilimwogopesha. Tecla hakuzungumza naye. Nilijua hivyo kwa sababu Kimeli sasa alishinda kibandani tangu saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, ameketi tu, bila gazeti, akiangalia gari kama mgonjwa wa hospitali.

"Si useme, mzee?" nilimuuliza siku moja. "Nenda Sondu, mseme mkiwa wawili. Huenda atakubali."

"Nimwombe msamaha mtu wa boila?" alisema. Akatikisa kichwa, kwa mshangao uleule.

Ikawa kazi yangu kuvunja. Kazi ya miezi kumi na mmoja ilitoka kwa siku nne. Nilitoa viti, nilitoa vioo, nilikata waya. Boliti nilizokaza kwa mikono yangu nilizilegeza moja moja. Vijana wanane walinyanyua bodi wakailaza juu ya matofali nyuma ya kibanda, na mara moja ilionekana ilivyo kweli: madramu. Injini Tecla aliiuza kwa mwenye posho mill, kinu cha kusaga unga, akanilipa kilichobaki cha kazi yangu, noti juu ya noti, mbele ya mumewe, naye akatazama upande mwingine.

Oyoo alikuja na pikapu ya kukodi kuchukua chesisi. Nilikuwa nimeifuta vumbi, hata nilikuwa nimeipaka mafuta pale penye namba ili isishike kutu tena.

"Utaifanyia nini, mzee?" nilimuuliza tukiifunga kamba.

"Nimeshaiuza. Kuna mtu wa mikokoteni Sondu. Ataikata vipande."

Nilidhani sikusikia. "Ataikata?"

"Mimi nitaiendesha wapi, mwanangu? Nina miaka sabini na mbili."

Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Niliikumbuka ile reli iliyopinda, wiki zile zote na jeki na moto, kuinyoosha milimita kwa milimita. "Ungeniambia mimi," nilisema. "Ningeinunua. Ningeitengeneza tena. Wewe na Kimeli mnagombania honi, na kazi yangu ndiyo inakatwa vipande. Nyinyi wazee wawili hamna tofauti."

Alifunga fundo lake la mwisho kabla ya kujibu.

"Ulikuja Sondu Jumanne," alisema. "Nilikuambia habari yote. Ukarudi, ukampigia rangi ya mwisho."

Hakusema kwa ukali. Alinitazama kama alivyokuwa ametazama pua ya stovu, akitafuta palipoziba, kisha akapanda mbele ya pikapu na kuketi wima. Niliona chesisi ikiyumba nyuma mpaka wakakunja kona ya barabara ya Kericho. Nilijiambia kwamba fundi ni fundi, na mwenye gari ni mwenye gari. Maneno hayo ni ya kweli, na hayakunisaidia chochote.

Miezi ilipita. Nilipata kazi ya geti la kanisa, na trela tatu za majani, na kwenye ile bodi nyuma ya kibanda nilikata mabati ya kuzibia vyombo vya watu vilivyotoboka, kidogo kidogo, mpaka ikaisha. Nilianza na madigadi, kwa sababu ndiyo yaliyoniuma zaidi.

Oktoba, Kimeli akaja tena. Alisimama mlangoni na tai yake, akatazama ndani, akasafisha koo.

"Nataka fremu ya dirisha," alisema. "Futi nne kwa tatu. Rahisi tu."

Nilichukua kipimo, nikaandika ukutani kwa chaki.

"Unajua yule mzee alituharibia," aliendelea, akishusha sauti, kama mtu aliye na rafiki. "Wivu tu. Gari lingekuwa Nairobi sasa, kwenye magazeti. Mimi na wewe tulifanya kazi kubwa sana pale."

Niliweka kipande cha chuma kwenye meza, nikachagua ufito wa kuchomelea, nikashusha barakoa yangu nusu. Alikuwa amesimama pale pale mlangoni, koti lake limeujaza mlango wote, akisubiri nimkubalie.

"Sogea," nilimwambia. "Unanizibia mwanga."